Sikumkimbia Yoramu: Kwa Miguu Kutoka Kibondo Hadi Kitanga

Ninyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na wengine mmemtuma yule binti anayenisaidia kazi aniulize wakati nakula. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika. Darasa langu mnalijua ni la nne. Kiharusi kilishika mkono wa kushoto, wa kulia ni mzima, basi mwandiko mbaya ni wangu wa siku zote, msiusingizie ugonjwa.

Neno la kwanza: sikumkimbia mume. La pili: nitataja majina. Kama mtu hataki jina lake lisomwe, angefikiri kabla hajatenda.

KOCHI

Nilipotoka hospitali, mdomo umepinda na mguu wa kushoto unaburuza, nesi aliniambia mbele ya wote: mama, utembee kila siku, ulime kidogo kidogo, sukari uipunguze, soda uache. Sisi sote tulisikia. Lakini tulipofika nyumbani yale maneno yaligeuka yakawa moja tu: apumzike.

Wa kwanza kumtaja ni Deusi, mwanangu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu. Alileta kochi. Likaja jiko la gesi ili nisiiname kwenye mafiga. Likaja bomba hadi uani, karibu na mlango kabisa, ili nisishuke bondeni kwenye chemchemi. Akamweka kijana wa bodaboda anipeleke kanisani, na kanisa mnajua lilipo, ukipiga chafya nyumbani kwangu mchungaji anasikia. Wa pili ni Yoramu, mume wangu. Yeye alikaa kochini upande wa pili, soda mkononi, ya kwake na ya kwangu. Nikisimama anasema, "Mama Deusi, kaa, utaanguka." Nikikaa anasema, "Ee, hivyo."

Nilikaa. Kila aliyekuja kunitazama alisema nina bahati ya watoto. Mguu ukakonda mpaka ukawa kama mwiko. Ikafika mahali kandambili navalishwa. Kiharusi kilikuwa kimeniacha hai, na watu wangu walikuwa wanamalizia kazi yake kwa upole.

Halafu siku moja Deusi akaja na habari ya shamba la Kitanga. Shamba lile mama yangu mzazi aliniachia mimi. Nililima pale tangu ningali msichana, na baada ya kuolewa nilikuwa narudi kila msimu kupanda. Deusi akasema ana mpango wa kumkodisha mtu anaitwa Sospeter.

"Mama, wewe na jembe basi. Umemaliza."

"Nani kasema nimemaliza?"

Alikuwa anakula nyama, akacheka nayo mdomoni. "Haya. Siku utakayogonga mlango wangu Kasulu umetoka hapa Kibondo kwa miguu yako, mpango nauvunja, shamba unalima mwenyewe."

Yoramu alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Mimi sikucheka. Kesho yake nilikataa kochi, nikakalia ndoo. Nikaanza kwenda chooni bila kushikwa, halafu hadi barabarani, halafu hadi chemchemi na kindoo kidogo, nikipita bomba lile pale mlangoni. Nilianguka mara nyingi, na Yoramu kila mara alisema, "Si nilikwambia?" Soda nilimwachia yeye zote mbili. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, mimi nashuka na kupanda bondeni. Msimu mwingine ulipoanza, nilikuwa tayari.

KIBONDO HADI NJIAPANDA YA NDUTA

Asubuhi nilimwambia Yoramu, "Naenda Kasulu." Akasema, "Wasalimie," akageukia upande wa pili. Alidhani napanda basi. Kama hatukuelewana mume na mke, basi ni hapo tu.

Nilibeba kichwani mzigo wa kitenge: blanketi, vidonge vyangu vya presha, simu, viazi vitamu vya kuchemsha, kisufuria, na jembe langu, chuma chake bila mpini. Ninyi wa huku mnajua nilichokosea. Sisi Waha, mwanamke anayemwacha mume na kurudi kwao anaondoka na jembe lake. Wanasema amehukana. Mimi nilifikiria kulima tu. Kumbe nilikuwa nimebeba tangazo kichwani.

Hata hivyo siku ile ya kwanza walionisumbua ni bodaboda. Lami ni mpya, nyororo, na hakuna mtu mzima anayeipita kwa miguu. Anayetembea ni mkimbizi au kichaa. Kijana mmoja alinifuata kwa mwendo wa konokono, pikipiki inaguruma pembeni yangu.

"Mama, panda."

"Sitaki."

"Bure, mama! Sikutozi."

"Hata ukinilipa."

"Sasa mama, ukidondoka hapa tutaulizwa sisi wa kijiwe."

"Waambie nilidondoka nikiwa na akili zangu."

Akanifuata hadi mafuta yakamtia wasiwasi. Alipogeuza alisema kwa sauti ya kusikitika kweli, "Watoto wa siku hizi wanatupa wazee." Yaani mimi ndiye niliyetupwa.

Jua lilikuwa kali. Mguu wa kushoto unaburuza na kuandika mstari kwenye vumbi la pembeni, ukitaka ungenifuata nyuma kwa ule mstari. Viatu vyangu vya matairi vilinichubua kisigino. Pale njiapanda nililala jikoni kwa mama mmoja muuza uji, kwenye mkeka, karibu na majivu ya moto. Kwa mara ya kwanza tangu niugue nililala bila kugeuzwa. Asubuhi kila kiungo kiliuma, na hata ule mkono wa kushoto ambao nilishausahau uliuma. Niliufurahia kama mtu aliyesalimiwa na ndugu wa zamani.

BUSUNZU, NYUMBANI KWA BIBI EVELINA

Busunzu nilifika nikitetemeka. Bibi mmoja alikuwa anapepeta maharage uani kwake, mwembamba, mgongo umenyooka. Tukasalimiana kwa makofi, mwakeye, mwakeye, habari za huko, habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, mpaka nikataka kulia maana nilikuwa nimesimama. Macho yake yalikuwa kwenye jembe.

"Unatoka mbali, mwanangu?"

"Kibondo."

"Unakwenda kwenu?"

"Nakwenda kwetu, Kitanga."

Kila jibu nililotoa lilikuwa la kweli na kila jibu lilinichimbia shimo. Bibi Evelina, ndilo jina lake, akashusha mzigo wangu kwa mikono miwili kama anashusha mtoto mgonjwa. Akanipa ugali wa muhogo na kisamvu, akanikanda mguu kwa maji ya moto, akanipa kitanda chake. Hakuuliza tena. Nilisema moyoni, huyu mtu ana adabu.

Asubuhi nikajifunga nguo niondoke. Akasema ngoja uji. Baada ya uji akasema ngoja mvua, na mawingu hayakuwepo. Wakaja wazee wawili, jirani zake, wakaketi. Mtu hawezi kuwapita wazee walioketi, nikaketi. Kumbe nilipolala alichukua simu yangu, akatafuta palipoandikwa Baba Deusi, maana nilijitaja kwake Mama Deusi, akapiga.

Saa za mchana ikaja gari ndogo ya kukodi. Akashuka Gervas, mdogo wake Yoramu. Huyu ndiye wa tatu katika majina yangu. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Akafungua buti, akatoa dumu la njano la pombe ya mtama na mirija ya dukani ya kunywea soda. Akaviweka mbele ya wazee, akapiga makofi.

"Wazazi wangu, tumekosa. Kaka amekosa. Tumekuja kumwomba mke wetu arudi."

"Gervas," nikasema, "mimi sijaondoka."

"Shemeji, hasira ni hasira, tunaelewa. Kunywa kidogo tu tuingie kwenye gari. Nimewasha na kiyoyozi."

"Natembea kwenda kwa Deusi. Nimemuaga kaka yako."

"Kaka anasema hakujua. Huko Kibondo mpaka kwaya wanajua umehukana. Anaona aibu kutoka nje." Halafu kwa sauti ya chini, "Na wewe shemeji na mguu huo, ukifa njiani tutasema nini kwa watu?"

Eleweni nilivyobanwa. Pombe ya kumrudisha mke ikishawekwa mbele ya wazee haina njia ya tatu. Nikivuta mrija nimekubali kurudi, naingia kwenye gari, nashushwa kochini, na Sospeter anapewa shamba. Nikikataa nimeutukana ukoo mzima wa Yoramu mbele ya mashahidi, na ndoa yangu imekwisha kwenye uwanja wa mtu nisiyemjua. Wazee wananitazama. Bibi Evelina ananitazama. Mrija uko mbele ya pua yangu.

Nikamgeukia bibi. "Bibi, nikuulize. Mama yangu alihukana mara moja nikiwa mdogo. Baba alikwenda kumchukua na chungu. Kwa desturi alikibeba wapi?"

"Kichwani," akasema.

"Akakipeleka nyumbani kwa nani?"

"Kwao mwanamke. Atakipeleka wapi kwingine?"

"Na hapa ni kwetu?"

Nikaona jambo linaingia machoni pake. Akaliinua dumu, akalitikisa, akanusa kifuniko kama mtu anayekagua samaki.

"Hii imekuja kwenye buti," akawaambia wazee. "Imekaa na tairi la akiba."

Mzee mmoja akakohoa. "Kwa kweli, bwana Gervas, pombe ya kurudisha mke haiji kwa gari. Inabebwa njia nzima watu waione, wajue mke ana thamani ya jasho. Na inapokelewa kwao. Sisi hapa hatuwezi kuipokea, si binti yetu."

"Lakini wazee, zamani magari hayakuwepo!"

"Miguu bado ipo," akasema Bibi Evelina.

Nikasimama. "Shemeji, kwetu ni Kitanga. Chukua dumu uweke kichwani, twende pamoja. Tukifika nitakunywa."

Gervas akawatazama wazee kama wanatania. Hawakutania. Bibi akamkunjia ngata ya majani ya mgomba, akamwekea kichwani, wakamtwika. Watoto wa Busunzu walikuwa wameshajaa kwenye ua wa minyaa. Tukatoka, mimi mbele na mguu wangu wa kuburuza, yeye nyuma, na gari nyuma yetu likitambaa. Hatukumaliza mlima wa kwanza. Nilisikia anahema kama mvukuto wa mhunzi, halafu nikasikia dumu linashuka.

"Shemeji, ngoja. Kifua."

"Nangoja."

"Mimi nina presha, shemeji."

"Mimi pia. Tembea taratibu."

Mtu wa miaka arobaini na ushee, anamiliki mashine mbili za kusaga, na mlima ambao mama zetu waliupanda na mtoto mgongoni umemshinda. Sikumcheka. Nilimwona nilivyokuwa mimi kochini, na nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Akaingia kwenye gari na dumu lake, akasema ataeleza nyumbani. Alichoeleza mnakijua ninyi, maana ninyi ndio mlioniletea maneno hayo.

MVUGWE HADI MAKERE

Sehemu hii nilikwenda polepole kuliko zote. Mvua ilinyesha, nikajikinga kwenye kibanda cha kuuzia mkaa, viazi vikaingia maji. Mvugwe nililala kwenye jengo la kanisa lisilo na milango. Watu walinisalimia wakilitazama jembe, nami nikalifunga ndani ya blanketi. Kisigino kilikuwa kidonda sasa, na ninyi wenye sukari mnajua kidonda cha mguuni kinatisha vipi. Nilikiosha kila nilipopata maji, nikakifunga kitambaa safi, nikaomba.

Makere sokoni kulikuwa na mama Mkongo, wa kule kambini Nyarugusu, anauza sombe, kisamvu cha kwao, na maandazi. Jina lake Mama Furaha. Aliona ninavyochechemea, akanisogezea kigoda.

"Mama, unatoka wapi na miguu ile?"

"Kibondo."

"Na miguu tu? Vita iko Kibondo?"

"Hakuna vita."

"Sasa nini ilikufukuza?"

Nikamweleza kochi, gesi, bomba, soda. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka.

"Bon. Sikia, mama. Sisi tulitembea na watoto, wengine walibaki kwa njia, hatukuwazika muzuri. Kwa kambi tunapanga mustari ya maji, mustari ya kuni. Mateso ilitutafuta. Weye bomba iko kwa mulango yako, unaikimbia unatafuta mateso?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata starehe inaweza kumzika mtu, lakini ukiwa umekaa mbele ya mtu kama yule, neno hilo linakauka. Nilisema tu, "Mwanangu anataka kunilisha mpaka nife."

"Hapo sawa," akasema. "Hapo nimeelewa." Akanipaka mawese kwenye kisigino, akanipa andazi. Nikamwambia sukari inanikataza, akalirudisha, akanipa sombe na kipande cha muhogo. Katika njia nzima ni mtu wa pekee aliyeniuliza sababu kabla ya kunihurumia.

KASULU, MLANGONI KWA DEUSI

Kasulu niliingia mchana, vijana wa bodaboda wananiita kila kona. Nyumba ya Deusi ina geti la chuma. Niligonga kwa jembe.

Akafungua mwenyewe. Akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia.

"Mama! Gari imekuacha wapi?"

"Iliniacha Kibondo, wala sikuipanda."

Akacheka, halafu akaona kisigino, akaacha. Mkewe akaleta soda, nikaisukuma. Akanionyesha kochi, jekundu, jipya. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Nimegonga mlango, Deusi. Vunja mpango."

"Mama, nani shahidi kwamba hukupanda gari?"

Mwanangu wa kumzaa. Nikasema, "Mpigie baba yako mdogo." Akampigia Gervas, sauti juu ili nisikie. Gervas akasema, "Hakupanda. Niliyepanda ni mimi."

Deusi akakaa kwenye kochi lake. Alifuta uso kwa mikono. "Mama, nilidhani unatania. Sospeter amekwisha kupanda. Mahindi yameota."

Andikeni hilo mioyoni mwenu kama nilivyoliandika mimi. Nilipokuwa naanguka njia ya bondeni, nikijifundisha kutembea kwa ajili ya neno lake, yeye alikuwa ameshampa mtu shamba. Hakuwa na ubaya. Alidhani tu kwamba mimi nimekwisha, na mtu aliyekwisha haambiwi.

"Akivuna, shamba ni lako," akasema. "Naapa, mama."

Nililala pale sakafuni, nikaondoka asubuhi. Alinifuata hadi barabarani na funguo za gari mkononi, akiniita, mpaka akaona haya kwa majirani.

KITANGA

Mahindi ya Sospeter yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mazuri, mistari imenyooka. Sospeter mwenyewe alikuja kunisalimia, kijana mwenye heshima, akasema, "Mama, mimi nilielewana na mwanao." Simtaji katika wakosaji.

Palibaki kipande kimoja, pale juu mteremkoni penye migomba ya mama yangu, ambapo ng'ombe wa kulimia hawawezi kusimama. Sospeter alipaacha. Nikakata mti nikatia mpini. Mkono wa kushoto ulikataa kukamata, unafunguka kila nikiinua jembe. Nikachana ukanda wa kitenge, nikaufunga mkono kwenye mpini kwa meno, nikalima. Siku ya kwanza eneo la mkeka. Siku ya pili mkeka mwingine. Nilikuwa nalala kwa binti wa shangazi yangu, nakula maharage na viazi, na nikisimama asubuhi navaa viatu mwenyewe. Nikapanda mihogo, na pembezoni nikachomeka vijiti vya minyaa, mpaka wangu.

Siku moja nikiwa nimeinama nikasikia watu wanacheka kule chini. Nikatazama. Yoramu anapanda mteremko. Chungu kichwani, chungu cha kweli, cha udongo. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nusu ya pombe ilikuwa kwenye shati. Alishuka basi Kasulu, akatembea hadi Kitanga, kijiji kizima kikimtazama. Mume wangu ambaye maji ya kunywa analetewa.

Akakitua mbele yangu.

"Mama Deusi. Nimekuja kukuchukua."

"Sikuondoka, Baba Deusi."

"Najua." Akahema. "Lakini watu wanasema."

Basi mjue. Alibeba chungu vilima vyote vile, na alikibeba kwa ajili ya midomo yenu. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa kwa ajili yangu. Nilitazama miguu yake, imevimba, inavuja damu kwenye kidole. Pombe ilikuwa imekuja kichwani, imekuja kwetu. Kwa kawaida yetu nilikuwa sina sababu ya kukataa. Nikafungua mkono wangu kwenye mpini, nikapiga magoti, nikavuta mrija mara moja. Ilikuwa chachu.

"Tunaenda lini?" akauliza.

"Nikimaliza huo mstari wa mwisho."

Akakaa chini ya mgomba. Baada ya muda akauliza kama hapo jirani wanauza soda baridi.

Tulirudi kwa basi, miguu yake haikufaa kitu. Sasa yuko kochini, ananiambia kaa utaanguka. Deusi amepiga simu kwamba gari lake litanichukua siku Sospeter atakapovuna. Nimemwambia nitakuwa nimetangulia. Neno lake nimeshalisikia mara mbili. Safari hii nataka niwe nimesimama kwenye minyaa yangu hindi la mwisho linapotoka.

Chungu nilikiomba, Yoramu akanipa. Ndicho ninachochotea maji, bondeni, kila asubuhi, na bomba nalipita pale pale mlangoni linadondoka. Mwenye swali lililobaki atanikuta kwenye njia ile. Na asije kwa bodaboda, maana sitasimama.